Pamba Hai: Kutoka Shamba la Kyuso hadi Nguo Dukani

Pamba hai hulimwa bila mbolea za viwandani, bila dawa za kemikali za kuua wadudu na magugu, na bila mbegu iliyobadilishwa vinasaba. Hizo ni kanuni za shambani. Pamba ikishavunwa huja kanuni nyingine iliyo ngumu zaidi: isichanganywe na pamba ya kawaida mahali popote, tangu gunia la mvunaji hadi lebo ya nguo. Nyuzi za aina hizi mbili hazitofautiki kwa macho wala kwa kuguswa. Mteja anayelipa zaidi kwa shati la pamba hai hulipia kumbukumbu zilizowekwa na watu ambao hatawaona kamwe, katika nchi ambazo huenda hatazikanyaga.

Kwa sababu hiyo suala la pamba hai huko Kyuso, kaskazini mwa kaunti ya Kitui, lina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya udongo, mvua na wadudu, na wakulima wa nchi hii kavu wako karibu nayo kuliko wanavyodhaniwa: mbolea ya dukani ni ghali, samadi ya mbuzi iko zizini, na mazao mchanganyiko ni desturi ya tangu zamani. Nusu ya pili ni ya kuchambua, kusokota, kufuma, kutia rangi na kushona. Humo ndimo thamani ya pamba inamozaliwa, na humo ndimo mnyororo wa nguo wa Kenya ulimokatika.

Nchi na mvua zake

Kyuso iko Mwingi Kaskazini, mahali ambapo ardhi ya Ukambani inateremka taratibu kuelekea Mto Tana. Mvua hunyesha misimu miwili. Ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo wakulima wanayoitegemea. Ile ya Machi hadi Mei mara nyingi hukatika mapema, na miaka mingine haiji kabisa. Kwa mwaka hunyesha kati ya milimita 400 na 800, lakini jumla hiyo haisemi yote. Mwaka wenye milimita nyingi unaweza kuwa wa njaa ikiwa maji yote yalimwagika kwa wiki tatu na kuondoka na udongo wa juu. Mazao yanayostahimili hali hiyo ndiyo yanayojaza maghala ya Kyuso: mtama, mawele, kunde, mbaazi na ndengu.

Pamba hupandwa mwanzoni mwa mvua za Oktoba, na hukaa shambani miezi mitano hadi sita. Inahitaji karibu milimita 500 katika kipindi hicho ili izae vizuri, kiasi ambacho Kyuso hukipata katika miaka mizuri tu. Kinachoiokoa ni mzizi wake mkuu, unaoweza kushuka zaidi ya mita moja ardhini na kufikia unyevu ambao mahindi hayaufikii. Ikivuka kiangazi cha Januari na Februari, mvua za Machi zinaweza kuichipusha upya na kuongeza vitumba. Zinaweza pia kuilowesha pamba iliyokwisha kufunguka na kuishusha daraja. Hapo mkulima hana la kufanya ila kuvuna mapema na mara kwa mara.

Mkulima wa pamba hai hawezi kulipia ukame kwa mfuko wa mbolea, kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kulifanya tone la mvua libaki pale lilipoangukia. Ukambani ina ujuzi mkubwa katika jambo hili. Matuta ya fanya juu, ambayo huchimbwa kwa kufuata kontua huku udongo wa mtaroni ukitupwa upande wa juu, yalienea Machakos na Makueni tangu miaka ya 1950, na mengi yalichimbwa na vikundi vya mwethya, watu wakizunguka shamba moja baada ya jingine. Juu ya tuta hupandwa majani ya kulisha mifugo. Baada ya misimu kadhaa mteremko hujisawazisha wenyewe, na maji yaliyokuwa yakikimbilia korongoni hunywewa na shamba. Katika mito ya msimu ya Kitui kuna pia mabwawa ya mchanga, kuta za zege zinazozuia mchanga ambao nao hushika maji ndani yake. Maji hayo hayatoshi kunyweshea pamba, lakini yanatosha mifugo, na mifugo ndiyo kiwanda cha mbolea cha mkulima huyu.

Samadi ikitandazwa juani hupoteza naitrojeni yake nyingi kabla ya mvua kufika. Wakulima waliofunzwa kilimo hai huirundika kivulini pamoja na mabua na majani, huinyunyizia maji, huigeuza, na kuiacha ioze miezi miwili au mitatu hadi iwe mboji. Kisha huiweka kwenye shimo la kupandia badala ya kuitawanya shamba zima, maana katika nchi kavu mbolea isiyo na unyevu karibu yake haina kazi. Mbaazi na kunde zinazopandwa kwa kupokezana na pamba huongeza naitrojeni kutoka hewani. Mkulima anayepanda pamba juu ya pamba miaka mitatu mfululizo, hata akiwa na samadi tele, huwalea wadudu na magonjwa yaleyale kila msimu.

Katika mazungumzo ya mazingira hutajwa sana kwamba fulana moja ya pamba hula lita 2,700 za maji. Hesabu hiyo ni wastani wa dunia nzima, na inachanganya maji ya mvua na maji ya mifereji. Pamba iliyoikausha Bahari ya Aral huko Asia ya Kati ilinyweshwa kwa mito iliyogeuzwa njia. Pamba ya Kyuso hunywa mvua iliyoangukia hapohapo, mvua ambayo isingenywewa na pamba ingenywewa na mtama au magugu. Kumlaumu mkulima wa Mwingi kwa ukame wa Aral ni dhuluma. Swali la maji linalomhusu ni jingine, na linatokea mbali na shamba lake, kwenye mapipa ya rangi. Litafikiwa baadaye.

Wadudu

Pamba inapendwa na wadudu kuliko karibu zao lolote la Afrika Mashariki. Vidukari na chawa jani hufyonza majani machanga. Funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, hutoboa kitumba na kula mbegu na nyuzi kabla hazijakomaa. Funza wa waridi huingia ndani na kujificha humo. Kangambili, mdudu mwekundu mwenye mabaka meusi, huja mwishoni na kuzitia nyuzi madoa. Katika kilimo cha kawaida jibu ni kupuliza dawa mara kadhaa kwa msimu, aghalabu kwa kufuata kalenda, bila kwanza kuangalia kama wadudu wapo. Anayebeba pampu mgongoni mara nyingi hana glavu wala barakoa, na gharama ya dawa ndiyo inayomwacha bila faida mwaka wa mavuno mabaya.

Kilimo hai huanza kwa kuhesabu. Mkulima hupita shambani kila wiki, huchagua mimea kadhaa kwa kufuata mstari wa mshazari, na kutazama mayai, funza na wadudu rafiki. Mimea mingi ikiwa na wadudu wenye mgongo wa duara na madoa, wale wanaokula vidukari, hana haja ya kufanya chochote. Funza wakizidi kiwango, hutumia maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha. Dawa hii huharibiwa na jua, kwa hiyo hupulizwa jioni. Haiui papo hapo: inamfanya funza aache kula na kushindwa kujivua ngozi. Mkulima aliyezoea kuona wadudu wakianguka siku hiyohiyo huiona haifai, na hapa ndipo mafunzo mengi ya kilimo hai yanaposhindwa. Mwarobaini unamea vizuri Kitui na Makueni. Kinachokosekana ni mtu wa kurudi shambani wiki ya pili na ya tatu kumwonyesha mkulima majani mapya yasiyo na matundu.

Afrika Mashariki imeongeza mbinu zake yenyewe. Meatu, Tanzania, wakulima wa pamba hai hupanda mistari ya alizeti katikati ya pamba. Maua yake huvuta wadudu rafiki na kumpa nondo wa funza mahali pengine pa kutaga mayai. Katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, wakulima huwategemea sisimizi weusi wanaoitwa nginingini, ambao hupanda juu ya mipamba na kuwala funza na wadudu wengine. Wapo wanaowavuta shambani kwa makusudi kwa kuwawekea mabaki ya chakula.

Mavuno yakiisha, mabua yote hung'olewa. Yakiachwa yachipue tena, funza wa waridi na kangambili hupata makazi hadi msimu ujao. Sheria ya msimu wa kufunga shamba ni ya tangu enzi za ukoloni, na kwa mkulima asiyetumia dawa umuhimu wake ni mara mbili.

Mbegu, na mgogoro wa Bt

Kwa upande wa mashariki wa Bonde la Ufa watafiti wa Kenya walipendekeza aina ya HART 89M, na kwa magharibi KSA 81M. Hizi ni aina za wazi: mbegu yake inaweza kupandwa tena. Tatizo lake ni kwamba uzalishaji wa mbegu safi ulidorora pamoja na sekta nzima, na kwa miaka mingi wakulima walipanda mbegu iliyotoka kiwandani baada ya kuchambuliwa, aina zikiwa zimechanganyika.

Desemba 2019 baraza la mawaziri la Kenya liliidhinisha pamba ya Bt, na mwaka 2020 ilianza kupandwa na wakulima. Pamba hiyo imepandikizwa jeni kutoka kwa bakteria Bacillus thuringiensis, na funza wa vitumba anayeila hufa. Mbegu zilizoidhinishwa ni chotara kutoka India, na hununuliwa upya kila msimu. Serikali ilizigawa katika kaunti za pamba, Kitui na Makueni zikiwamo, kwa matumaini ya kufufua uzalishaji. Kuna sababu ya haki nyuma ya uamuzi huo: funza alikuwa akila mazao ya watu maskini. Hata hivyo Bt haizuii vidukari wala kangambili, haileti mvua, na haileti mnunuzi. Burkina Faso, iliyokuwa mfano wa Bt barani Afrika, ilianza kuiacha karibu mwaka 2016 kwa sababu nyuzi zilikuwa fupi na bei ilianguka. Huko India, iliyoanza na Bt mwaka 2002, funza wa waridi amejenga usugu.

Kwa pamba hai suala hili halina nafasi ya mazungumzo: mbegu yenye vinasaba vilivyobadilishwa hairuhusiwi. Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba bakteria yuleyule wa Bt, akiwa katika dawa ya kupuliza, anaruhusiwa katika kilimo hai. Tofauti iko katika namna ya matumizi: dawa hupulizwa funza wakionekana na kuoza haraka, ilhali mmea wa Bt hubeba sumu ya bakteria huyo msimu mzima. Kikundi cha Kyuso kinachotaka cheti kwa hiyo kinahitaji chanzo chake cha mbegu, nafasi kati ya mashamba yake na ya majirani wanaopanda Bt, na zaidi ya yote siku zake kwenye kiwanda cha kuchambua. Chavua inayovuka kutoka shamba la jirani ni hatari ndogo ukilinganisha na tela moja la pamba iliyochanganywa.

Ndengu

Hakuna mazungumzo ya pamba Kyuso yasiyofika kwenye ndengu. Ndengu hukomaa kwa siku 60 hadi 70. Mkulima anayezipanda mwishoni mwa Oktoba huwa na fedha mkononi mapema mwaka unaofuata, watoto wakirudi shule. Mnunuzi yupo, hata kama ni dalali anayebana bei. Zikikosa mnunuzi, huliwa. Pamba huchukua mara mbili na zaidi ya muda huo, huhitaji palizi nyingi na mikono mingi ya kuvuna, na ikikosa mnunuzi haina kazi nyumbani. Kwa hesabu hiyo pamba haiwezi kuwa zao la kwanza Kyuso, na mradi unaowataka wakulima waache ndengu utakufa.

Inaweza kuwa zao la pili, kwa kupokezana na ndengu na mtama katika matuta tofauti. Lakini hapa kuna mtego ambao miradi mingi huuona ukiwa umekwisha kuinasa. Cheti cha kilimo hai hutolewa kwa ardhi. Ndengu hupulizwa dawa dhidi ya vidukari na wadudu wa maua. Zikipandwa na kupulizwa dawa kwenye tuta ambalo mwaka unaofuata litapandwa pamba, tuta hilo limetoka kwenye kilimo hai. Hivyo pamba hai haiwezi kulimwa peke yake: shamba zima linapaswa kubadilika, na ndengu zenyewe zinapaswa kutafutiwa soko la zao hai ili zigharamie mabadiliko hayo.

Cheti

Soko la Ulaya hutaka ardhi ikae miezi 24 bila kemikali zilizokatazwa kabla ya kupandwa pamba itakayouzwa kama hai. La Marekani hutaka miaka mitatu kabla ya kuvuna. Katika kipindi hicho mkulima hufuata masharti yote na kuuza kwa bei ya kawaida. Ardhi iliyopumzishwa kwa miaka, na iko nyingi Mwingi Kaskazini, inaweza kufupisha muda huo iwapo kuna ushahidi.

Mkulima wa ekari moja hawezi kumlipa mkaguzi wa kimataifa. Vikundi hutumia mfumo wa udhibiti wa ndani: kila mwanachama ana faili lenye ramani ya shamba, mazao ya kila msimu na makadirio ya mavuno, wakaguzi wa kikundi hutembelea wote, na mkaguzi wa nje huja kuchunguza sampuli na kuona kama kikundi kinajisimamia kweli. Mmoja akipatikana amepuliza dawa na kikundi kikaficha, wote hupoteza. Kwa soko la ndani na la kikanda kuna kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilichopitishwa 2007 na alama yake ya Kilimohai, ambayo nchini Kenya husimamiwa na KOAN, mtandao wa kilimo hai. Kwa alama hiyo vikundi vinaweza kukaguana vyenyewe kwa vyenyewe, na gharama hushuka sana. Alama hiyo haimfikishi mkulima Ulaya, lakini ndengu na asali zake zinaweza kuuzwa nayo Nairobi.

Ajali zinazotoka nje ya kikundi ni ngumu zaidi. Mwaka 2008 serikali ya Uganda ilipuliza DDT ndani ya nyumba huko Apac na Oyam ili kuzuia malaria. Wakulima wa mazao hai huhifadhi mavuno ndani ya nyumba hizohizo, na wanunuzi wa nje wakakataa mazao ya eneo hilo. Kitui nayo iliingiliwa na nzige wa jangwani mwaka 2020, Mwingi Kaskazini ikiwamo, na nzige walidhibitiwa kwa dawa. Hakuna mwenye akili atakayedai nzige waachwe. Ila kikundi cha pamba hai kinahitaji ramani zake ziwe zimefika kwa ofisi ya kilimo kabla ya janga, na kiwe na akiba ya kuvuka msimu ambao hakitaruhusiwa kuuza.

Meatu

Mfano uliodumu zaidi katika ukanda huu uko Meatu, wilaya kavu ya mkoa wa Simiyu, ambako bioRe Tanzania ilianza mwaka 1994 chini ya kampuni ya Remei ya Uswisi. Mazingira yake yanafanana na ya Kyuso kwa mengi: mvua ya mashaka, mifugo mingi, jembe na maksai. Kilichoiwezesha kudumu ni mpangilio wa mnunuzi. Kampuni huwaahidi wakulima kununua pamba yao na huongeza asilimia 15 juu ya bei ya soko. Ina maofisa wake wa ugani vijijini. Na upande wa pili wa safari kuna duka, kwani mnyororo wa maduka wa Coop huko Uswisi umekuwa ukiuza nguo za pamba hiyo tangu miaka ya 1990. Mkulima wa Meatu hapandi kwa matumaini kwamba cheti kitamvutia mnunuzi. Mnunuzi alikuwepo kwanza, cheti kikafuata.

Kenya imejaribu mara nyingi kwa mpangilio wa kinyume: mbegu hugawiwa, mafunzo hutolewa, pamba huvunwa, halafu hukaa vyumbani. Kumbukumbu ya mavuno yaliyolala chini ya kitanda hudumu katika kijiji kuliko semina yoyote.

Mnyororo uliokatika

Katikati ya miaka ya 1980 Kenya ilizalisha karibu marobota 70,000 ya pamba nyuzi kwa mwaka, na ilikuwa na viwanda 52 vya nguo. Bodi ya pamba ilikuwa mnunuzi pekee. Ilichelewesha malipo, wakati mwingine kwa misimu, na wakulima wakaanza kung'oa pamba. Soko lilipofunguliwa mwaka 1991, bodi ilitoweka kazini kabla ya mwingine kuchukua nafasi yake. Wakati huohuo nguo za mitumba na vitambaa vya bei nafuu kutoka Asia viliingia kwa wingi. KICOMI ya Kisumu ilifungwa. Rivatex ya Eldoret ilisimama hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007, na mitambo yake mipya ikazinduliwa 2019.

Mwaka 2000 sheria ya AGOA ilifungua soko la Marekani, na viwanda vya kushona vikachipuka katika maeneo ya viwanda vya kuuza nje (EPZ), hasa Athi River. Viliajiri makumi ya maelfu ya watu, wengi wanawake. Lakini AGOA iliruhusu kushona kwa kitambaa kilichonunuliwa nchi ya tatu, na kitambaa hicho kilitoka Asia. Kwa hiyo Kenya ilipata mishono bila pamba yake kupata uzi. Katika kaunti ya Kitui hali hiyo inaonekana bila kuvuka mpaka: kuna wakulima, kuna kiwanda cha kuchambua mjini Kitui na kingine jirani Makueni, na tangu 2018 kuna kiwanda cha kushona cha kaunti, KICOTEC huko Syongila, kilichojulikana nchi nzima kwa kushona barakoa mwaka 2020. Kati ya kuchambua na kushona hakuna kitu. Pamba ya Kyuso husafirishwa kama kilomita mia moja kupitia Mwingi hadi Kitui, hutolewa mbegu zake, kisha huondoka kaunti ikiwa robota, na kitambaa cha KICOTEC huja kutoka kwingine.

Kutoka kuchambua hadi rangi

Mvunaji ndiye mlinda ubora wa kwanza. Pamba iliyofunguka vizuri, kavu na bila majani, ni safi. Yenye madoa na takataka ni fifi. Mbili hizo hutiwa magunia tofauti hukohuko shambani. Magunia ya plastiki yaliyofumwa, yale ya sukari na mbolea, ni adui mkubwa: nyuzi zake hunyofoka, huingia ndani ya pamba, hazionekani, na hujitokeza kitambaa kinapotiwa rangi kwa sababu hazishiki rangi. Pamba hai nzuri kabisa hukataliwa kwa kosa hilo. Mifuko ya kitambaa cha pamba hugharimu kidogo ikilinganishwa na hasara hiyo, na ingepaswa kuwa kifaa cha kwanza ambacho mradi wowote hutoa.

Kiwandani kilo tatu za pamba mbegu hutoa takriban kilo moja ya nyuzi. Mbegu iliyobaki hukamuliwa mafuta, na mashudu yake ni chakula kizuri cha ng'ombe na mbuzi, ingawa kuku hawapaswi kulishwa kwa wingi kwa sababu ya sumu ya gosipoli. Mauzo ya mbegu na mashudu mara nyingi ndiyo yanayomlipia mwenye kiwanda umeme wake. Mkulima wa Kyuso anayeuza pamba mbegu kwa kilo huuza vyote hivyo kwa bei moja, kisha hununua mashudu wakati wa kiangazi.

Uzi na kitambaa vya pamba hai huthibitishwa kwa viwango kama GOTS, kilichoanza kutumika 2006. Nguo haiwezi kubeba lebo yake ikiwa na chini ya asilimia 70 ya nyuzi hai. Kiwango hicho huhesabu pia mambo ambayo mkulima hayaoni: rangi zenye metali nzito hukatazwa, maji taka lazima yasafishwe, na haki za wafanyakazi hukaguliwa. Kuna pia mpango wa Cotton made in Africa, ulioanzishwa 2005, ambao unaruhusu dawa chache za kemikali, unakataa mbegu za Bt, na una tawi la pamba hai. Pamba hai halisi bado ni asilimia chache tu za pamba ya dunia.

Kutia rangi ndiyo hatua chafu kuliko zote, na kwa Ukambani ni jambo la karibu. Mto Athi hupita kwenye maeneo ya viwanda ya Nairobi na Machakos, kisha hushuka kuwa mpaka kati ya Kitui na Makueni. Watu wanaoishi chini ya mto huunywa, huoga humo na kunyweshea mboga. Mto huo hubeba maji taka ya jiji na ya viwanda vya kila aina. Nguo inayoitwa endelevu kwa sababu pamba yake haikupulizwa dawa, huku rangi yake ikimwagwa mtoni, imehamisha tu sumu kutoka kwa mkulima mmoja hadi kwa mwingine. Ndiyo maana cheti cha shamba bila cheti cha kiwanda hakitoshi.

Hesabu ya kontena

Ukubwa wa kazi ya kuunganisha mnyororo huu unaweza kupimwa. Wastani wa Kenya ni kilo 500 hadi 600 za pamba mbegu kwa hekta, yaani karibu kilo 240 kwa ekari ukichukua kiwango cha juu. Baada ya kuchambuliwa hubaki kama kilo 80 za nyuzi. Kontena moja la futi 40 hubeba takriban tani 20, na kiasi hicho ndicho kiwanda cha kusokota kinachoweza kukubali kukisafishia mashine na kukipitisha peke yake. Hiyo ni ekari 250: kaya 250 za Kyuso zenye ekari moja ya pamba kila moja, zote zikiwa na faili, zikivuna kwa mifuko ya kitambaa, na kuleta ndani ya wiki zilezile.

Idadi hiyo inafikika. Vikundi vya akina mama na vya mwethya katika kata za Mwingi Kaskazini vina wanachama wengi kuliko hao. Kiwanda cha kuchambua kinachotaka pamba hiyo huianza mwanzoni mwa msimu, mashine zikiwa zimesafishwa na kabla ya tela la kwanza la kawaida kupokelewa, huyahifadhi marobota yake kwenye chumba chenye kufuli, na kuyapa namba inayorudi hadi kwenye kituo cha kununulia. Kwa wakulima sharti ni kuwa pamba ivunwe na kukauka kwa tarehe hiyo. Kwa mnunuzi sharti ni mkataba uliotiwa saini kabla ya Oktoba, wenye bei ya chini inayojulikana na malipo yanayofanywa siku ya kupima, kwani anayelipwa baada ya miezi mitatu atakuwa amekwisha kumuuzia dalali sehemu ya mavuno yake, na kontena halitajaa.

Uzi ukisokotwa Thika au Eldoret unaweza kurudi Syongila ukiwa kitambaa. Sare za shule za Kitui, mashuka ya hospitali za kaunti na nguo za maofisa ni soko lisilohitaji meli, na kaunti ndiyo mnunuzi. Kwa soko hilo alama ya Kilimohai shambani, pamoja na kiwanda cha rangi chenye mtambo wa kusafisha maji, hutosha kuanzia. Cheti cha GOTS kinaweza kuombwa pale kontena la pili au la tatu litakapokuwa na mnunuzi wa nje anayelisubiri.